Joini ya usiku imetoka dakika 40 hadi saa 5 na sijagusa hata herufi moja. Nani ameniroga?

#1 Mlinzi_wa_Ghala (Jumatano, saa 3:05 usiku)

Wakuu, nimefika mwisho wa akili zangu. Ghala letu la data linapokea miamala ya pesa za simu kutoka kwa mawakala wa nchi nzima. Kila usiku saa nane kuna kweri moja kubwa (ombi la kuuliza data) yenye joini, yaani inaunganisha miamala ya siku 90 (mistari milioni 310 hivi) na majedwali matatu madogo: mawakala, wilaya na tozo. Tunatumia Spark 3.1 (programu inayogawa kazi ya data kwa mashine nyingi), mashine 12. Ilikuwa inamaliza kwa dakika 40. Tangu Alhamisi ya wiki juzi inakwenda saa tano, na siku nyingine inafia njiani.

Mara ya mwisho mtu kugusa msimbo ilikuwa Aprili. Ripoti inatakiwa mezani saa mbili asubuhi. Mimi saa mbili asubuhi niko kwenye foleni ya Jinja Road napigiwa simu.

Kweri nimeipunguza, lakini mifupa yake ni hii:

```
SELECT m.tarehe, w.mkoa, SUM(m.kiasi), SUM(t.tozo)
FROM miamala m
LEFT JOIN mawakala k ON m.wakala = k.namba
LEFT JOIN wilaya w ON k.wilaya = w.jina
LEFT JOIN tozo t ON m.tarehe BETWEEN t.kuanzia AND t.mpaka
               AND m.kiasi BETWEEN t.chini AND t.juu
WHERE m.tarehe >= date_sub(current_date(), 90)
GROUP BY m.tarehe, w.mkoa
```

#2 Kasuku_wa_Busia

Saa nane ya Kiswahili au saa nane ya seva?

Halafu, ndugu yangu, unaunganisha wilaya kwa JINA? Hujarogwa. Umejiroga.

#3 Mlinzi_wa_Ghala

Saa nane usiku ya Kampala. Seva iko nje, inasoma UTC (saa tatu nyuma yetu), kwa hiyo kwake ni 23:00 ya jana yake. Na ndiyo, najua maana yake kwa `current_date` (tarehe ya leo ya seva). Hilo tulishalilia mwaka jana, tusilifufue.

#4 Mzee_wa_Postgres

Takwimu, kijana. Zile ambazo mashine hukadiria nazo wingi wa mistari, zimechacha. Mimi nikiambiwa "jana ilikimbia, leo inatambaa, na hakuna aliyegusa kitu", siulizi swali la pili.

Nikupe kisa. Taasisi moja niliyofanyia kazi ilikuwa na ripoti ya mwisho wa mwezi. Mtu alitengeneza jedwali la muda, akalijaza, kisha papo hapo akalijoini na jedwali kubwa. EXPLAIN ANALYZE (amri ya kuonyesha mpango wa kweri) ilionyesha Postgres, hifadhidata yetu, imekadiria mistari 200, iliyotoka kweli ni milioni 2.9. Kwa kuwa ilidhani ni 200 ikachagua nested loop, yaani kwa kila mstari mmoja inakwenda kugonga mlango wa jedwali la pili. Milioni 2.9 za kugonga milango. Saa sita.

Watu wakasema autovacuum, mhudumu wa Postgres wa nyuma ya pazia, si ipo? Ipo, lakini majedwali ya muda haiyaoni kabisa. Na hata majedwali ya kawaida inasubiri mpaka kiasi cha asilimia 10 ya mistari kibadilike, na mistari 50 juu yake, ndipo ifanye ANALYZE (kukusanya takwimu upya) yenyewe. Ukipakia data saa 7:55 na kweri ikaanza saa 8:00, hakuna aliyehesabu chochote. Niliongeza mstari mmoja wa ANALYZE katikati. Dakika nne.

Fanya ANALYZE ulale.

#5 Nalongo_Data

Mzee, kisa chako ni kizuri ila mgonjwa si huyo. Hapa ni Spark inasoma faili za Parquet. Spark haina mtu wa usiku anayepita kukusanya takwimu. Usipoandika `ANALYZE TABLE ... COMPUTE STATISTICS` mwenyewe haina, na hata ukiandika, ule upangaji wa kutumia takwimu za kolamu (`spark.sql.cbo.enabled`) huja ukiwa umezimwa. Kwa hiyo takwimu haziwezi kuchacha kwa mtu ambaye hajawahi kuzipika.

Mlinzi, weka mpango wa kweri hapa. Halafu fungua ukurasa wa Spark, ile hatua inayochelewa, utuambie taski (vipande vya kazi) ngapi zimekwisha na ngapi bado.

#6 Mzee_wa_Postgres

Nimekusikia Nalongo. Lakini ngoja tu, mtarudi kwangu.

#7 Mlinzi_wa_Ghala

Asante Nalongo. Nimechungulia ya jana usiku. Joini ya mawakala ni SortMergeJoin. Ya wilaya BroadcastHashJoin. Ya tozo BroadcastNestedLoopJoin.

Taski: 199 kati ya 200 zimekwisha ndani ya dakika 9. Moja iliyobaki imekaa saa tatu na dakika 40. Ile alama ya kijani imejaa karibu yote imebaki kaucha, na kaucha hako ndiko kananitoa jasho. Mashine 11 zimekaa bure zinatazama mwenzao.

#8 Nalongo_Data

Basi. Hiyo 199/200 ni data iliyolalia upande mmoja. Kuna namba ya wakala ina mistari mingi kupita zote, na mistari yote yenye ufunguo mmoja (namba ya kuunganishia) lazima iende kwenye taski moja. Ukiongeza mashine 100 bado atabeba yule yule mmoja.

Piga hii utuletee mistari mitano ya juu:

`SELECT wakala, COUNT(*) FROM miamala GROUP BY wakala ORDER BY 2 DESC`

#9 Chapati_Mayai

Samahani wakubwa, mimi mwanafunzi wa mwaka wa pili. Sort merge, broadcast, nested loop... mwalimu alitupa majina tu. Tofauti ni nini hasa?

#10 Mtoto_wa_Owino

Hili niachieni. Mama yangu aliuza viatu vya mitumba soko la Owino miaka kumi na saba.

Chukulia belo mbili zimefika. Moja ina viatu vya kushoto tu, nyingine vya kulia tu. Kazi yako ni kupata jozi.

Nested loop: unashika cha kushoto kimoja, unapekua belo nzima ya kulia. Unarudi, unashika cha pili, unapekua tena. Belo ikiwa na viatu sita, hakuna shida. Ikiwa na elfu sita, utazeekea hapo.

Hash: unamwaga belo ndogo chini, unapanga mafungu kwa saizi: 38 hapa, 39 pale. Kisha unachukua belo kubwa, kila kiatu unakitupa kwenye fungu lake. Belo kubwa unaipita mara moja tu. Sharti lake: mafungu yatoshe kwenye kibanda chako. Yasipotosha unayatoa nje kwenye mvua, ndiyo kumwagika kwenye diski.

Sort merge: unapanga belo zote mbili kwenye mstari kuanzia saizi ndogo hadi kubwa, kisha unatembea katikati ya mistari miwili, mkono huu kushoto, huu kulia. Kupanga ndiko kunauma. Kutembea ni rahisi.

Sasa wauzaji wakiwa 12, kuna mawili. Ama mnagawana saizi, wewe 38, mimi 39, kila mtu anabeba mzigo wake hadi kwa mwenye saizi (hiyo ndiyo shafuli, na kubeba huko sokoni siku ya Jumamosi unakujua). Ama, kama belo moja ni ndogo sana, kila muuzaji anapewa nakala yake nzima, hakuna anayetembea. Hiyo ndiyo broadcast.

Na ugonjwa wa Mlinzi ni kwamba mmegawana saizi, halafu belo lote limekuja saizi 42.

#11 Chapati_Mayai

Nimeelewa kuliko muhula mzima. Ila viatu havipigwi fotokopi.

#12 Mtoto_wa_Owino

Hujafika Owino wewe.

#13 Mgeni_wa_Tanga

Nawasoma kwa mbali. Watu wa Uganda mnatukanwa bure kuhusu Kiswahili, kumbe kipo! Ila "belo mbili zimefika, belo lote limekuja" ndani ya ujumbe mmoja? Marobota, ndugu. Marobota.

#14 Kasuku_wa_Busia

Mgeni, hapa Busia robota likivuka mpaka linakuwa belo. Ushuru ni ule ule.

#15 Mlinzi_wa_Ghala (Alhamisi, saa 4:20 asubuhi)

Nalongo, majibu haya:

0000 → milioni 58
wa pili → elfu 212
wa tatu → elfu 190 na kitu

Wakala "0000" hayupo kwenye jedwali la mawakala. Nimeuliza. Toleo jipya la app linaruhusu mtu kumtumia mtu bila kupita kwa wakala, na kijana aliyeandika sehemu hiyo aliona kolamu haikubali kuwa tupu, akajaza sifuri nne. Shida imeisha kwake, imeanza kwangu.

Lakini toleo hilo lilitoka zaidi ya mwezi uliopita, na hizo milioni 58 zilipanda polepole. Alhamisi ile haikuwa na kitu maalumu.

#16 Kasuku_wa_Busia

Badilisha 0000 iwe NULL (tupu), kwisha habari.

Na kuhusu Alhamisi: shule zilifunguliwa lini? Wazazi wote wa Uganda wanalipa ada kwa simu wiki moja. Mimi nadhani ni wingi wa data tu, mnatafuta mchawi bure.

#17 Nalongo_Data

Kasuku, NULL inasaidia kwenye INNER JOIN (inayobakiza mistari yenye mwenzake tu), maana Spark inaitupa mapema kabla ya kusafirisha. Hii ni LEFT JOIN, mistari ya kushoto lazima ibaki, na NULL zote zinapigiwa hashi (hesabu ya kugawa mafungu) sawa, zinaishia taski ile ile. Utakuwa umebadilisha jina la msongamano.

#18 Mlinzi_wa_Ghala

Na ada nimeangalia. Kabla ya wiki ile mistari ilikuwa milioni 296, sasa 310. Ongezeko la asilimia 5 haligeuzi dakika 40 kuwa saa tano.

#19 Kasuku_wa_Busia

Sawa. Nimeondoa hoja, sijaondoa shaka.

#20 Fundi_Gulu

Nimechelewa, umeme. Naona wote mnaangalia miamala. Angalieni jedwali DOGO.

Spark ina kiwango, `spark.sql.autoBroadcastJoinThreshold`, na kinakuja kikiwa 10MB. Jedwali likikadiriwa chini ya hapo, kila mashine inapewa nakala na hakuna shafuli. Likivuka hata kwa unywele, mpango unageuka sort merge, mistari yote milioni 310 inaanza kutembea. Hakuna onyo wala hitilafu. Msimbo ni ule ule.

Mlinzi, faili la mawakala lina baiti ngapi leo, na nani aliongeza mawakala kabla ya Alhamisi ile?

#21 Mlinzi_wa_Ghala

Mikono inatetemeka. Baiti 10,611,204.

Na Jumatano ile mchana timu ya nje ilipakia mawakala wapya wa West Nile, upande wa Arua.

#22 Fundi_Gulu

10MB ni baiti 10,485,760. Umezidi kwa 125,444. Fungeni uzi.

#23 Mtoto_wa_Owino

Fundi anatembea kifua mbele hadi Gulu kwa miguu.

#24 Nalongo_Data

Usifungwe bado. Fundi, Spark hailinganishi ukubwa wa faili zima na hiyo 10MB. Inachukua ukubwa wa faili, kisha inaupunguza kwa makadirio ya upana wa kolamu zilizochaguliwa. Kweri ya Mlinzi inahitaji kolamu mbili tu za mawakala, namba na wilaya. Jedwali lina kolamu ngapi?

#25 Mlinzi_wa_Ghala

Tisa.

#26 Nalongo_Data

Kwa hesabu hiyo makadirio yangekuwa chini sana ya 10MB, na ingebaki broadcast. Isipokuwa kweri halisi inabeba kolamu zaidi ya hizi ulizotuonyesha (umesema umeipunguza), au kuna mtu amekishusha kiwango kwenye mipangilio. Tunachohitaji ni mpango wa KABLA ya Alhamisi. Ukisema BroadcastHashJoin kwa mawakala, Fundi ameshinda. Ukisema SortMergeJoin, basi ilikuwa hivyo siku zote na tunarudi kwenye zile sifuri.

#27 Mlinzi_wa_Ghala

Kweri halisi inabeba kolamu sita za mawakala, siyo mbili. Nilizikata ili isomeke, mnisamehe.

Mpango wa zamani sina. Logi za Spark kuna mtu aliwasha kisafishaji, zinafutwa kila baada ya siku 7. Tumechelewa.

#28 Fundi_Gulu

Sita kati ya tisa. Tena namba na vibendera (ndiyo/hapana) ndivyo vilivyoachwa, maneno marefu yote yamechaguliwa? Nipe aina za kolamu nitapiga hesabu.

#29 Mlinzi_wa_Ghala

Zilizoachwa: picha ya kitambulisho (njia ya faili, maneno), maelezo (maneno), tarehe ya usajili.

#30 Nalongo_Data

Kama hakuna takwimu, Spark inachukulia kila kolamu ya maneno ina upana ule ule, haijali kama ni herufi mbili au mia mbili. Kwa hiyo makadirio yatakuwa kama theluthi mbili ya faili. Megabaiti 7. Bado chini, Fundi.

#31 Fundi_Gulu

Basi kwa nini leo mpango unasema SortMergeJoin?

#32 Nalongo_Data

Hilo ndilo swali langu pia. Mlinzi, chapisha `SET spark.sql.autoBroadcastJoinThreshold`.

#33 Mzee_wa_Postgres

Kumbe makadirio. Nilisema nini kwenye #4?

#34 Kasuku_wa_Busia

Mzee amerudi kudai deni.

#35 Bodaboda_wa_Bayti

Jamani mbona mnajitesa? Washeni AQE, ile ya Spark kurekebisha mpango kweri ikiwa inakimbia. Inagawa taski nzito yenyewe, na iko ON tangu 3.0.

#36 Nalongo_Data

Ipo tangu 3.0, lakini ilikuja imezimwa. Imewashwa yenyewe kuanzia 3.2. Mlinzi yuko 3.1.

Kingine ni kwamba haigawi kila kitu. Fungu lazima lizidi mara 5 ya fungu la katikati (median) na pia lizidi 256MB. Kwenye LEFT JOIN inaweza kuligawa la kushoto tu. Kwa bahati nzuri mzigo wa Mlinzi uko kushoto, kwa hiyo ingemsaidia. Awashe `spark.sql.adaptive.enabled` na ile ya skewJoin (ya kugawa mafungu mazito) ahakikishe haijazimwa.

#37 Bodaboda_wa_Bayti

Nimekosolewa kwa adabu, nashukuru. Basi atie chumvi: ufunguo mzito aubandike namba ya nasibu 0 hadi 31, jedwali la mawakala alirudie mara 32, mzigo utagawanyika.

#38 Nalongo_Data

Chumvi ni ya ufunguo wenye mwenzake. Hizi 0000 hazina mwenzake popote! Unazisafirisha milioni 58, unazipanga, unazitembeza, ili uambiwe "hakuna wakala kama huyu". Si unajua tangu mwanzo? Azitoe pembeni, azipe mkoa tupu, zilizobaki zijoini kawaida, mwishoni azirudishe pamoja kwa UNION ALL. Mistari sita ya msimbo.

Au aweke `/*+ BROADCAST(k) */` tu, jedwali la megabaiti kumi linatosha popote.

#39 Kasuku_wa_Busia

Nilisoma mahali kwamba BROADCAST haikubali LEFT JOIN.

#40 Fundi_Gulu

Inakubali ikiwa kinachosambazwa kiko kulia. Kilichoko kushoto ndicho kisichosambazwa kwenye LEFT JOIN, kwa sababu kila mashine ingeona nakala ya mstari usio na mwenzake na kila moja ingeutoa. Hapa mawakala yuko kulia. Ruksa.

#41 Mwalimu_Arua (Alhamisi, saa 2 usiku)

Habari za jioni. Mimi sijui Spark sana, lakini Kasuku aliuliza jambo kwenye #2 na hakuna aliyejibu. Wilaya mnaunganisha kwa jina. Je, jedwali lenu la wilaya lina Arua ngapi?

Huku kwetu Madi-Okollo na Terego zote zimemegwa kutoka Arua mwaka 2019. Halafu kuna wilaya ya Arua na kuna jiji la Arua. Kama mnaweka historia, jina moja laweza kuwa na mistari mitatu.

#42 Mjukuu_wa_Terego

Mwalimu, nakurekebisha kwa heshima. Madi-Okollo Julai 2019, Terego Julai 2020. Julai hiyo hiyo ya 2020 ndipo Arua, Gulu na Mbarara zilipopandishwa kuwa majiji. Bibi yangu amebadilisha wilaya mara moja bila kuhama nyumba.

#43 Mwalimu_Arua

Umenishinda, ni 2020. Bibi ndiye ushahidi.

#44 Nalongo_Data

Mwalimu, hilo ni kubwa kuliko kasi. Mlinzi, hesabu mistari kabla ya joini ya wilaya na baada yake. LEFT JOIN na jedwali la maelezo haitakiwi kuongeza hata mstari mmoja.

#45 Mlinzi_wa_Ghala

Kabla: milioni 310. Baada: milioni 322.

Jedwali la wilaya lina Arua tatu: ya zamani yenye tarehe ya kufungwa, ya sasa, na jiji, ambalo mtu aliliandika "Arua" tu. Gulu mbili. Mbarara mbili.

Wakuu... mwezi uliopita mkubwa wetu alisimama kwenye kikao akasema West Nile imetia fora, mauzo yamepaa. Timu ya Arua ikanunuliwa mbuzi.

#46 Kasuku_wa_Busia

MBUZI

#47 Mtoto_wa_Owino

Nimecheka hadi kondakta amegeuka.

#48 Mgeni_wa_Tanga

Ubeti huu hata sisi huku hatuna. Mbuzi kwa ajili ya ufunguo usio wa pekee.

#49 Bodaboda_wa_Bayti

Ndiyo maana mimi nasema acheni joini kabisa. Muamala ukiingia, uandikwe na jina la wilaya humo humo. Diski ni rahisi, Parquet inabana maneno yanayojirudia. Joini ya wilaya haipo tena, na mbuzi hayupo.

#50 Mjukuu_wa_Terego

Na Terego ikizaliwa unarudi kuandika upya miaka mingapi?

#51 Bodaboda_wa_Bayti

Siandiki upya. Muamala wa 2018 ulifanyika Arua, ubaki Arua. Ndiyo ukweli wa siku hiyo.

#52 Mjukuu_wa_Terego

Mkubwa akitaka kulinganisha Terego ya leo na Terego ya 2018?

#53 Mzee_wa_Postgres

Ninyi wawili mtakesha. Ugomvi huo nimeukuta kazini na nitauacha kazini. Mlinzi, kwa sasa mpe kila toleo la wilaya namba yake, wakala ashike namba, usishike jina.

#54 Fundi_Gulu

Na hiyo tozo je? Mlinzi, jedwali la tozo lina mistari mingapi?

#55 Mlinzi_wa_Ghala

64. Inaanzia Julai 2018, ile tozo ya 1% kwa kila muamala wa pesa za simu, kisha ile ya mwaka huohuo iliyoshushwa kuwa 0.5% kwenye kutoa pesa tu, na ada zetu wenyewe kwa viwango vya kiasi.

#56 Fundi_Gulu

BETWEEN mbili, hakuna alama ya usawa hata moja, kwa hiyo hashi haiwezekani na Spark inapekua belo nzima. 64 mara milioni 310 ni karibu bilioni 20 za kulinganisha kila usiku. Na wewe unasoma siku 90 tu! Tozo ya 2018 inatafuta nini hapo? Chuja kwanza zinazogusa siku zako 90. Kisha kila tozo itandaze siku kwa siku, ili tarehe iwe `=`, na kiwango cha kiasi kibaki kama sharti la pembeni. Spark itapata ufunguo wa kupigia hashi.

#57 Nalongo_Data

Ni sahihi na afanye. Ila hilo lilikuwepo hata enzi za dakika 40. Halielezi Alhamisi.

#58 Fundi_Gulu

Nalongo, kwako hakuna kinachoeleza Alhamisi.

#59 Nalongo_Data

Ndiyo, mpaka mtu anionyeshe.

#60 Mzee_wa_Postgres

Wakati mnangoja, vijana. Mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake wa IBM walitoa andiko la namna ya mashine kuchagua mpango wa kweri kwa kupima gharama. Wasipokuwa na indeksi ya kuwapa takwimu, sharti la usawa walilikadiria litapitisha moja ya kumi ya mistari. Moja ya kumi, basi, mtu kaamua. Mpaka leo bado tunakula matunda ya makadirio ya namna hiyo. Ukiwa na majedwali 10, kuyapanga foleni tu kuna njia 3,628,800. Ndiyo maana Postgres yenyewe ikifika majedwali 12 inaacha kujaribu zote, inabahatisha kwa utaratibu.

#61 Chapati_Mayai

Mzee hii itatoka kwenye mtihani?

#62 Mzee_wa_Postgres

Ningekuwa natunga mimi, ndiyo.

#63 Mlinzi_wa_Ghala (Jumapili, saa 5 asubuhi)

Marejesho, wakuu.

Ijumaa usiku nilitoa 0000 pembeni na kuunganisha kwa UNION ALL, hilo tu. Dakika 38.

Jumamosi nikachuja tozo na kuitandaza kwa siku. Dakika 26.

Kiwango cha broadcast nilichoulizwa na Nalongo: SET inasema 5242880, yaani 5MB. Sijui nani alikiweka. Kwenye faili la mipangilio hakuna jina wala tarehe, na hilo faili halimo kwenye hifadhi ya msimbo.

#64 Fundi_Gulu

5MB! Basi makadirio ya megabaiti 7 yamezidi, na mpango ukageuka. Mlango ni ule ule nilioonyesha, fremu tu ndiyo fupi.

#65 Nalongo_Data

Inategemea 5MB iliwekwa lini. Ikiwa ni mwaka jana, mawakala walikuwa wameshaivuka zamani na Alhamisi haihusiki. Ikiwa ni Jumatano ile, ndiyo yenyewe, na mawakala wa West Nile hawana hatia.

#66 Mlinzi_wa_Ghala

Kuna la kuongeza, na mtanichukia. Leo asubuhi nimeambiwa na watu wa mitambo kwamba Ijumaa jioni walibadilisha mashine mbili zilizokuwa na diski inayosuasua. Diski hizo zilianza kusuasua "kama wiki mbili hivi".

#67 Kasuku_wa_Busia

Naomba nirudishe hoja yangu ya #19.

#68 Nalongo_Data

Diski mbovu ingechelewesha taski nyingi za mashine hizo, isingekuwa moja kila usiku. Lakini sasa umebadilisha vitu viwili usiku mmoja, Mlinzi. Hatutajua.

#69 Mlinzi_wa_Ghala

Sikuvibadilisha mimi! Nilibadilisha kimoja. Kingine nilibadilishiwa.

Nikirudisha 0000 usiku mmoja kujaribu, nani atanipokelea simu asubuhi?

#70 Fundi_Gulu

Mpe Nalongo.

#71 Mwalimu_Arua

Na wilaya umezirekebisha?

#72 Mlinzi_wa_Ghala

Nimezirekebisha kwenye jaribio, bado sijaziingiza kwenye ripoti halisi. Zikiingia, West Nile itashuka kwenye chati siku moja, na mkubwa ataniuliza imekuwaje.

#73 Mtoto_wa_Owino

Na mbuzi?

#74 Mjukuu_wa_Terego

Shemeji yangu ni wakala huku, alialikwa. Supu ilikuwa nzuri. Mwambie mkubwa mbuzi hana ROLLBACK, akishaliwa harudishwi.